Joto la Sauti ya Baba

Kazi yangu ni joto. Zamani watu wakiniuliza nafanya nini nilikuwa nawajibu "programu za kompyuta", nao hapo hapo wanaanza kunieleza jinsi printa zao zilivyoharibika, kwa hiyo siku hizi nawaambia ukweli wenyewe. Ndani ya kila kifaa kuna vipimajoto vidogo usivyoviona, na ndani ya mfumo endeshi, ile programu kuu inayoziendesha nyingine zote, kuna sehemu inayovisoma na kuamua: hapa tuendelee, hapa tupunguze kasi, hapa tuzime kabla hatujaungua. Sehemu hiyo ndiyo ninayoiandika mimi. Katika mji kama Muscat, ambako gari ukiliacha juani adhuhuri unashika usukani kwa ncha za vidole, mtu wa kazi hii hakosi riziki.

Ofisi yetu iko Wadi Kabir, juu ya gereji ya rejeta. Chini wanapoza magari, juu tunapoza tableti, na kelele tunagawana. Tableti zetu ni ngumu, za watu wanaofanya kazi nje, wasoma mita na wakaguzi wa barabara, na hatuziwekei feni kwa sababu feni inavuta vumbi. Kifaa kisicho na feni kina njia moja tu ya kupoa, nayo ni kufanya kazi kidogo. Mfumo ukiona joto limepanda hupunguza kasi ya chipu, ubongo wa kifaa. Likizidi, hupunguza tena. Likifika pabaya, huzima kila kitu bila kumuuliza mtu. Wateja hulalamika kwamba tableti zetu zina uvivu. Mimi huwajibu, kwa maringo kidogo, kwamba wao pia saa saba za mchana huwa siwaoni barabarani.

Mwenzangu wa meza ya pili ni Mkenya, mcha Mungu wa Nakuru, anayeimba kwaya kanisani kila Ijumaa, siku ya mapumziko huku. Yeye anashughulika na vyuma na nyaya, mimi na programu. Tunagombana kila siku, na siku asipokuja kazini sifanyi lolote la maana.

Sasa Baba. Baba yangu alikuwa msemaji. Sisemi alipenda kusema, ingawa alipenda, na alituchosha. Nasema hiyo ndiyo ilikuwa nafasi yake katika ukoo. Sisi tuliorudi Oman kutoka Unguja tuna mambo yetu: yuko mtu wa kuitwa pakiwa na maiti, yuko wa kuitwa pakiwa na ugomvi wa mirathi, na Baba alikuwa wa kuitwa pakiwa na ndoa. Baba wa bibi harusi akiwa mbali, au akiwa mwoga wa watu, humpa mtu mwingine uwakala wa kumwozesha binti yake, na huyo mtu mwingine alikuwa Baba. Amewaozesha mabinti wa watu kutoka Sohar mpaka Salalah. Alikuwa akirudi nyumbani ananukia udi, boksi la haluwa mkononi, anavua kilemba na kusema, "Leo nimemtoa mtoto wa watu kama wangu." Kisha ananitazama mimi, niliyekuwa nimeshapita umri ambao mashangazi huuvumilia, na kucheka. "Na yako itafika, mama. Sauti yako nnakuwekea."

Yangu ilikuwa haijafika alipopata kiharusi. Mkono wa kulia ukalegea na ulimi ukafungika. Akili ilibaki nzima, na hasira pia, ila hasira haikuwa tena na mahali pa kutokea. Alikuwa akinitazama, mdomo unafanya kazi, hakitoki kitu, kisha anageuza uso ukutani. Nilichukia ukuta ule mpaka nikaupaka rangi nyingine.

Hospitali walimshauri atumie tableti: unagusa maneno au unayaandika, nayo inasema. Nikamletea moja ya kwetu. Sauti iliyokuwamo ilikuwa ya kijana asiye na kwao, anayetamka kila kitu kana kwamba anatangaza ndege imechelewa. Baba aliijaribu asubuhi moja. Aliandika kwa kidole cha kushoto kwamba anataka maji, akaisikiliza ikisema, akaigeuza kifudifudi juu ya meza. Maji nilimletea, hakuyanywa.

Basi nikaingia kwenye simu yangu. Baba alikuwa mtu wa kutuma ujumbe wa sauti. Alikuwa akiutuma hata yeye yuko sebuleni na mimi niko jikoni. "Mama, ukitoka pitia ndimu. Usilete zile za juzi, zile zilikuwa gololi." Nilizikusanya jumbe zake zote, na mwenzangu Mkenya akanisaidia kuifundisha programu namna Baba anavyosema: anavyoikokota silabi ya mwisho, kha yake ya Kiarabu inayotoka kooni, pumzi anayoivuta kabla ya jambo zito. Siku sauti ilipotoka sawasawa kwa mara ya kwanza, pale ofisini, gereji ikigonga chini yetu, nililia kama mtoto. Mwenzangu alisimama, akafunga mlango, akasema anaenda kununua chai. Alirudi baada ya muda mrefu bila chai.

Nilipompa Baba, alifikiri sana kabla ya kuandika. Kisha nyumba nzima ikaisikia, sauti yake yenyewe: "Chai ya nyumba hii haina sukari."

Shangazi, dada yake Baba, anayeishi nasi tangu Mama alipofariki na ambaye ndiye aliyeifungia sukari kabatini kwa amri ya daktari, alipiga kigelegele huku machozi yanamtoka. Sukari hakuitoa.

Lakini kuiumba sauti ya mtu papo hapo, neno kwa neno anapogusa, ni hesabu nzito kwa chipu ndogo. Baba akisema kidogo, hakuna neno. Akianza kusimulia, na Baba hajui kusema bila kusimulia, tableti inapata moto, mfumo unapunguza kasi, na sauti inaanza kuburura maneno mpaka inakatika. Ndani, chini ya kiyoyozi, tulistahimili. Barazani na wenzake, jioni ya kiangazi, ilikuwa aibu tupu. Anafika kwenye utamu wa kisa, wenzake wameinama kumsikiliza, na sauti inalegea kama ya mtu anayesinzia. Ule mstari wa programu unaosema "hapa punguza" niliuandika mimi, nami nilikuwa nikimtazama Baba akinyamazishwa nao, nami nikikasirika kana kwamba ameuandika adui.

Halafu nikaposwa. Mchumba wangu ni mwalimu wa hesabu, mtu mpole anayecheka kwa mabega. Watu wake ni wa Yiti, na kwao ndoa hufungwa kwenye uwanja wa msikiti wa pale kijijini baada ya Alasiri, wanaume wamekaa chini kwenye mikeka. Bibi harusi haendi. Anabaki nyumbani na wanawake, wanaume wanakwenda kumfungia ndoa, yeye analetewa habari. Sijawahi kuwa na ugomvi na ada hiyo mpaka nilipotambua kwamba mtu pekee anayeijua ile tableti ndiye mtu pekee asiyekuwa na nafasi pale uwanjani.

Ami, mdogo wake Baba, alikuja nyumbani kwetu Madinat Sultan Qaboos na jawabu lake tayari. Alikaa karibu na Baba akamshika mkono ule uliolegea.

"Kaka, nipe mie uwakala. Si aibu wallahi. Wewe mwenyewe umewasemea wangapi?"

Alisema kwa mapenzi, namjua Ami. Baba aliuvuta mkono wake taratibu, akagusa tableti. "Niliwasemea wa watu. Huyu wangu."

Sheikh alipoulizwa alisema jambo si zito hivyo. Asiyeweza kusema, ishara yake inayofahamika inatosha. "Akiinamisha kichwa tu, ndoa imefungwa. Hiyo mashine akitaka iseme, na iseme, madhali mwenye kuisemesha ni yeye." Kwa hiyo ndoa yangu haikuwa hatarini, ningeolewa tu. Kilichokuwa hatarini ni kingine, na sote tulikijua ingawa hakuna aliyekitaja: kwamba Baba, aliyewatoa mabinti wa kila nyumba kwa mdomo wake, angemtoa wa kwake kwa kutikisa kichwa.

Njia rahisi ilikuwepo. "Baba," nilimwambia, "tuyaandae maneno leo, hapa kwenye ubaridi, tuyahifadhi. Siku yenyewe unagusa mara moja, yanatoka yote. Hakuna hesabu, hakuna joto."

Alinitazama. Akaandika. Sauti yake ikavuta ile pumzi ya jambo zito na kusema, "Mimi si santuri."

Niliondoka nimevimba. Kesho yake nilimwaga yote mezani kwa mwenzangu: mgonjwa huyu mkaidi, najitahidi, namtafutia njia, yeye ananiletea mambo ya santuri.

"Sasa madam," akasema bila kuinua macho kwenye nyaya zake, "huo ukaidi unafikiria wewe uliutoa wapi? Mzee hataki kurekodiwa, anataka kuongea. Hiyo si shida yake. Hiyo ni kazi yetu. Wacha hasira, leta hiyo kitu hapa."

Tukaifanya. Kwa kawaida mfumo ukiona joto huanza na chipu, maana huko ndiko joto linakotoka. Kwa msoma mita ni sawa. Kwa Baba ilikuwa ni kumkaba koo kwanza na kuacha taa zikiwaka. Nikaupanga upya. Uanze kwa kufifiza skrini, kwa sababu mwanga nao ni joto. Halafu ukate mtandao. Chaji usipokee. Sauti ya Baba iguswe mwisho kabisa, pale tu kifaa kinapokaribia kudhurika. Na ukishapunguza, usirudi mbio. Hili ndilo watu hawalielewi. Kifaa kilichopoa kidogo ukikiruhusu kikimbie, kinawaka tena, kinapunguza tena, kinapanda na kushuka hivyo hivyo bila kufanya kazi yoyote. Kwa hiyo unakiambia: hata ukijiona umepoa, ngoja upoe zaidi. Hapo nikaweka nafasi kubwa. Baba alipotoka hospitali alitaka kwenda sokoni siku ya pili yake na akaanguka mlangoni, ndiyo maana mimi siamini kitu kinachosema kimeshapona.

Tuliijaribu ndani ya gari la mwenzangu, juani, madirisha yamefungwa, sisi tumekaa kivulini na mafundi wa rejeta. Iliachiwa iseme peke yake maneno ya Baba. Mafundi wakaacha kazi kumsikiliza mzee asiyeonekana akigombana kuhusu ndimu ndani ya gari. Mmoja alinyanyuka kwenda kuvunja kioo amwokoe, tukamshika. Skrini ilififia, mtandao ukakatika, na Baba akaendelea kusema sawasawa. Mwenzangu alinipa mkono kama wanavyopeana wachezaji mpira, nami nikarudi nyumbani najiona bingwa.

Ndoa ilikuwa mwezi wa tisa, wakati watu wa Muscat wanapodanganyana kwamba joto limepungua. Kabla ya kuondoka, Baba alikuja chumbani kwangu kuniuliza kama nimeridhia, maana hilo ni lazima. Alikuwa na kanzu mpya, kilemba, jambia kiunoni, mkono wa kulia ameulaza kifuani kama mtu aliyeapa. Alipendeza mpaka nikasahau kwamba anaumwa. Wanawake wakampisha. Akagusa.

"Mama, umeridhia?"

Kwa ada, bibi harusi hunyamaza, na kunyamaza kwake ndiyo jawabu.

"Nimeridhia, Baba. Na usiongee njiani. Tunza joto."

Wanawake waliangua kicheko. Baba aliniinulia kidole cha kushoto kunionya, lakini macho yake yalikuwa yanacheka, akatoka.

Mimi sikushuka naye mlangoni. Nilikuwa natengenezwa nywele. Nilikuwa nimeiweka kompyuta yangu kitandani, pembeni ya nguo ya harusi, imeunganishwa na tableti kwa mtandao, naona joto lake kwenye mstari mmoja wa kijani. Shangazi alisema hajawahi kuona bibi harusi anayelala na kompyuta na akaomba nisiendelee na tabia hiyo kwa watu. Kaka yangu, anayeendesha gari la Baba, alikuwa ameahidi kunipigia simu ndoa ikianza na kuiacha wazi, tusikie.

Mstari ulianza kupanda gari lilipokuwa bado njiani. Nikaangalia kinachotumia nguvu: sauti. Baba alikuwa anaongea. Anakwenda kwenye ndoa, ndani ya gari wamo wenzake wa zamani, na nani wa kumnyamazisha? Sawa, nikasema, hilo nilitarajia. Lakini joto liliendelea kupanda hata baada ya sauti kusimama. Halikuwa na sababu ya kupanda. Likapanda mpaka kwenye ngazi ya kwanza, likavuka, likafika ya pili, na mstari ukakatika.

Nilikaa naukodolea macho. Ngazi ya pili ilikuwa kukata mtandao. Mimi mwenyewe niliiweka. Programu yangu ilikuwa imenifungia nje, kwa adabu na kwa mpango, kama nilivyoiambia.

Simu ikalia. "Dada," kaka yangu alinong'ona, nyuma yake nasikia watu wengi. "Tumeshasali, watu wameshakaa, Sheikh yuko tayari. Skrini imekuwa nyeusi. Baba haoni maneno."

"Imezima?"

"Haijazima. Ukiiziba kwa mkono unaona kitu kwa mbali. Lakini mwanga huu wa uwanjani, wallahi hakionekani kitu."

Nilikuwa nimeijaribu ndani ya gari, ikisema peke yake. Sikuwahi kukaa nje na kutafuta neno kwenye skrini iliyofifia.

"Iko juani?"

"Kivulini. Mapajani kwa Baba. Imo ndani ya nguo yake."

"Nguo gani?"

Nyuma yangu nikamsikia Shangazi akivuta pumzi.

Alikuwa ameishonea vazi. Bahameli ya kijani, pembe nne zimetariziwa kwa uzi wa dhahabu, namna anavyoshonea misahafu, na kitundu cha skrini tu. Haiwezekani, alinieleza huku anasokota ukingo wa leso yake, kitu kinachosema kwa sauti ya kaka yake kiende mbele za watu kitupu, wakitie jicho. Akaivika pale mlangoni, akaifukiza udi mpaka moshi ukaingia ndani ya bitana, akamkabidhi kaka yangu. Tableti ilikuwa imekwenda Yiti imevaa koti la baridi.

"Ivueni!" nilipiga kelele, na mapambo ya nywele yakaruka.

Wakaivua. Kisha nikamsikia mtu wa Yiti akisema kwa Kiarabu kwamba hapa lipo boksi la barafu lenye soda, itiwe humo mara moja ipoe.

"Asithubutu! Ikitoka humo itatoa jasho, maji yataingia ndani! Iwekeni chini, kwenye marumaru ya ukumbi wa msikiti, palipo na kivuli. Mgongo wake uguse jiwe. Mpepee."

"Tumpepee Baba?"

"Tableti!"

Nikasikia mgongano wa vitu vyepesi. Kaka yangu alinieleza kwa kunong'ona: wameleta vifuniko vya sahani za haluwa. Wazee wa watu, wamevaa vilemba vyao vya kwenda harusini, wamechuchumaa kuizunguka tableti na kuipepea.

"Imepoa sasa, nimeigusa," akasema baada ya muda.

"Bado."

"Dada, nimeigusa kwa mkono wangu."

"Ngoja yenyewe iseme imepoa." Nafasi ile kubwa niliyoiweka kati ya kupoa na kurudi, niliyojisifia, sasa ilikuwa inanikaba mimi. Na sikuweza kuigusa. Niliogopa. Hospitali sikuogopa hivi, kwa sababu hospitali hapakuwa na la kufanya, na hapa kila kitu nilikifanya mimi.

Nikamsikia Ami. Sauti yake ilikuwa karibu na simu, ya upole. "Kaka, watu wanangoja, Magharibi inakaribia. Inamisha kichwa tu, au nipe mie niseme. Hakuna atakayekulaumu."

"Amefanya nini?" nikauliza. "Baba amefanya nini?"

"Ameinua kiganja," kaka yangu akasema. "Anawaambia wangoje."

Na wakangoja. Sheikh akawaongoza watu kumsalia Mtume, uwanja mzima ukaitika, na vifuniko vya haluwa vikaendelea kupiga upepo. Chumbani kwangu wanawake nao wakaitika. Shangazi alikuwa amenishika mkono na kuuminya mpaka vidole vikafa ganzi. Mimi niliitika pamoja nao huku macho yangu yako kwenye mstari wa kijani uliokatika, kama vile ningeutazama sana ungerudi.

Haukurudi. Lakini kaka yangu akasema, "Imewaka," na sauti yake ilikuwa imebadilika. Nikasikia kanzu zikisuguana, watu wanarudi mahali pao. Sheikh akasoma hotuba fupi. Kisha ile pumzi ikavutwa, na Baba akasema.

"Bismillahi Rahmani Rahim. Nimekuozesha..."

Ikasimama.

Nilifumba macho. Hapa ndipo ilipokuwa ikikatika siku zote. Chipu imepata moto tena, nikajisemea, imerudi mapema, ngazi ya mwisho, nimemkaba koo. Nilikuwa tayari kusikia sauti ikiburura, ikilegea mbele ya ukoo mzima.

"...binti yangu," Baba akasema. Safi, silabi ya mwisho ameikokota kama kawaida yake, herufi zake za kooni, kha na ghaini, zote mahali pake mpaka kwenye mahari waliyokubaliana. Mchumba wangu akajibu amekubali, kwa haraka kidogo, kama mtu aliyekuwa anashikilia pumzi. Hapo Shangazi alifungua koo, na kigelegele chake nadhani kilisikika Yiti bila simu. Mimi nililia, nywele zangu zikaanza kutengenezwa upya, na katikati ya kulia kwa furaha kulikuwa na kijiwe kidogo cha hasira: kile kituo. Sentensi moja tu aliyoitaka maishani, na programu yangu imemkatia katikati.

Kijiwe hicho nilikwenda nacho kwa mume wangu na kurudi nacho nilipokuja kumsalimia Baba. Tuliketi barazani, jioni, wenzake hawajafika. Tableti ilikuwa imevaa vazi jipya: Shangazi ameishonea la kimia, matundu matundu, ili ipumue, alisema, na alikuwa amenitumia picha mapema kuomba idhini. Chai ilikuwa haina sukari.

"Baba, nisamehe," nikasema. "Pale kwenye ndoa. Ilivyokukatia baada ya 'nimekuozesha'. Nitairekebisha isikukatie tena."

Baba alinitazama kwa mshangao. Akainama, kidole cha kushoto kikaanza kazi.

"Haikunikatia."

"Ilikata, Baba. Nilisikia mwenyewe. Ilipata moto."

Akatikisa kichwa. Aliandika polepole, anafuta, anaandika tena. Nikasikia pumzi ya jambo zito.

"Mashine ilikuwa tayari. Mie ndiye niliyekawia. Niliinua kidole."

Sikuelewa. "Kwa nini?"

"Neno la pili nikiligusa, ushakwenda. Nilitaka uwe wangu kidogo tena."

Nilimshika mkono wa kulia, ule usioshika, nao ulikuwa na joto la kawaida la mkono wa mtu. Baba hakuwa amemaliza. Alikuwa ameshavuta tableti tena, anaandika, macho yamechangamka, nikaona dalili zote kwamba anaanza kisa kirefu, pengine cha ndoa yake mwenyewe. Lakini alikuwa amesema mengi jioni ile na hewa ya barazani ilikuwa nzito. Skrini ikafifia mbele yake.

Zamani angegeuza uso. Safari hii aliinua kiganja, kama alivyowafanyia wale wazee wa Yiti, na kunielekeza sakafuni. Nikaivua tableti kimia chake, nikailaza kwenye marumaru, na tukakaa pamoja kuingoja ipoe.